Do ya Jenereta ya Kinyozi

Mwalimu wetu wa kwaya hakupenda kimya. Watu wengi wenye kazi ya muziki hulilia utulivu, lakini yeye akiingia kanisani akakuta pametulia, alisimama mlangoni na mkoba wake begani akauliza, "Kuna nini hapa? Nani amekufa?" Kisha alinituma mimi, kwa kuwa nilipenda kukaa karibu na dirisha, nikamuulize kinyozi wa jirani kama jenereta yake imeharibika. Mazoezi hayakuanza mpaka ile mashine ingurume.

Jina lake sitaliandika, na sidhani kama wengi wetu tulilijua lote. Tulimwita Mwalimu, hata wazee wa kanisa waliomzidi umri. Siku za kazi alifundisha hesabu darasa la nne katika shule moja ya binafsi, na Jumamosi alikuwa wetu. Kanisa letu ni la mabati, katika mtaa wa Mangateen, na ibada yake ni ya Kiswahili kwa sababu waumini wengi ni Wakenya na Waganda waliokuja Juba kwa kazi na biashara. Halafu tupo sisi wenyeji tuliokulia kwao. Mimi nilikulia Kitale. Niliporudi nyumbani, Kiarabu changu kilichekwa sokoni kila nilipouliza bei ya nyanya, kwa hiyo Jumapili nilikwenda mahali ambapo nikifungua mdomo hakuna anayecheka. Nilimpenda Mwalimu tangu siku ya kwanza kwa sababu hiyo tu, kwamba hakunicheka.

Kinanda cha kanisa kilikuwa kimekufa kabla sijajiunga. Kwaya nyingi zisizo na kinanda huchukua do, ile sauti ya kuanzia wimbo, mdomoni mwa mwimbishaji, basi. Mwalimu alisogea dirishani, akainamisha kichwa upande mmoja, akainua kidole kama mtu anayepima kama mvua imeanza. Alisikiliza. Halafu akaguna pamoja na jenereta, "Mmmm," mpaka sauti yake na ya mashine zikawa kitu kimoja. "Hiyo ndiyo do," alisema. "Ishikeni." Wageni waliopita hapo walidhani anaomba.

Wimbo wowote, wa harusi au wa msiba, ulianzia pale. Ukiwa chini mno kwa besi, besi walinung'unika, na jibu lake lilikuwa lile lile: "Lalamikeni kwa kinyozi." Kinyozi mwenyewe, Mganda mnene mwenye maneno mengi, aliichukulia kama heshima. Alitoka nje na kitambaa cha kunyolea begani kutusalimia. "Mwalimu, leo mimi iko na mafuta mzuri. Itaimba mpaka jioni." Mwalimu naye alimjibu kwa uso mkavu kabisa, "Asante, lakini iambie isiimbe kwa pua."

Shida ni kwamba kinyozi akichomeka mashine ya kukaushia nywele, jenereta ilizidiwa, na sauti yake ikashuka kidogo. Kwaya nyingine ingepotea hapo. Mwalimu alitufundisha kutopotea. "Ikishuka, shukeni nayo," alisema. "Msibishane na mashine. Mashine haina aibu, itawashinda." Tukashuka wote pamoja, katikati ya ubeti, bila mtu kumtazama mwenzake, na kinyozi akimaliza kichwa cha mteja tukapanda tena. Siku hizi nimeambiwa kuwa hiyo ni kasoro kubwa. Wakati ule niliiona kuwa ni ufundi, na katika ufundi huo hakuna aliyenifikia. Mwalimu alinisifu mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya ovyo. "Mfuateni Keji. Keji anashuka kabla hata mashine haijajua kuwa inashuka."

Alikuwa na sheria za koo nyingi kuliko za hesabu. Maji baridi yalikuwa marufuku, ndizi kabla ya mazoezi marufuku, kukohoa kwa madaha marufuku. Lakini joto la Juba likizidi, yeye alitoa mkobani soda ya baridi iliyofungwa kwa gazeti, akainywa mbele yetu akiwa ametupa mgongo nusu. Mtu wa sauti ya pili alipothubutu kumuuliza, alisema, "Soda si maji," na mjadala ukaishia hapo. Wachelewaji aliwafungia mlango. Kisha alikwenda dirishani, akawachungulia barabarani, na walipotokea aliufungua kabla hawajabisha huku akiwafokea. Wakati wa kuondoka aliwapa hao hao karanga za kuchoma, kwa sababu waliokimbia, alisema, ndio wenye njaa.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni aibu. Ukiimba umeinamisha uso alikuja akakusimamia mbele. "Fungua mdomo. Unaficha nini humo?" Alituambia kwamba aibu haikai usoni kama watu wanavyodhani, inakaa kooni, na kwamba mwimbaji mwenye aibu ni kama mpishi anayeogopa moto. Nilimwamini. Niliimba kwa mdomo wazi mpaka mama yangu akanitania nyumbani kuwa siku moja nitameza nzi.

Na bado yeye mwenyewe hatukuwahi kumsikia akiimba peke yake. Aliguna na jenereta, alipiga makofi, alichora sauti hewani kwa mkono, alijua ni nani kati ya watu ishirini aliyekosea na amekosea wapi. Ikifika hapo pa kuonyesha, alisema tu, "Keji, waonyeshe." Besi mmoja alisema Mwalimu aliwahi kufanyiwa upasuaji wa koo. Mwingine alisema aliweka nadhiri, kwamba hataimba tena mpaka Mungu ampe jambo fulani. Mimi nilisadiki ya nadhiri, kwa sababu ilipendeza zaidi.

Basi ikatangazwa semina ya sauti. Mkufunzi alikuwa anakuja kutoka Nairobi, kijana aliyesomea kazi hiyo, na kila kwaya ya mjini iliombwa kupeleka mwimbaji mmoja. Mwalimu hakuita hata kikao. Alisema nitakwenda mimi, na nitaimba wimbo wa shukrani alioutunga yeye mwenyewe. Tuliufanyia mazoezi wawili peke yetu dirishani, yeye akiinua kidole, mimi nikishika. Siku moja, bila kunitazama, alisema, "Nataka wausikie." Hakusema zaidi ya hapo, lakini nilielewa kuwa katika miaka yote ile ya kutufundisha alikuwa anasubiri mtu anayejua muziki amsikilize. Nilibeba jambo hilo moyoni kama yai.

Semina ilifanyika katika ukumbi wa hoteli. Chini kulikuwa na zulia, madirisha yamefungwa, taa zinawaka kwa umeme wa jiji. Waimbaji tulikaa mbele. Mwalimu alikuja na suti yake ya buluu ya siku kuu, akakaa safu ya nyuma kabisa, mkoba magotini. Wenzangu waliimba vizuri, wengine vizuri sana. Ikafika zamu yangu.

"Karibu, dada," mkufunzi alisema. "Wewe anza tu. Mimi nitakufuata kwa kinanda."

Nilisimama wima, mdomo tayari. Nikasubiri. Ukumbi ukawa kimya, na kimya kile sikuwahi kukisikia maishani mwangu. Nilisogeza kichwa upande mmoja, nikasogeza upande wa pili.

"Dada, tunakungojea."

"Na mimi nangojea."

"Unangojea nini?"

"Do," nikasema.

Wachache wakacheka, bila ubaya. Mkufunzi akabonyeza kinanda, akanipa sauti, nami nikaishika na kuanza. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, hata sasa ninaweza kuapa. Niliona mkufunzi akiinua macho kutoka kwenye kinanda. Nilijua kuwa kule nyuma Mwalimu naye ameona, na nikafurahi kwa niaba yake.

Katikati ya ubeti wa pili, kiyoyozi kilichokuwa kimezimika juu ya ukuta kiliguna, kikawaka. Sikujua kwamba nimekisikia. Mwili wangu ulijua. Ulifanya kama ulivyofundishwa: nikakiacha kinanda, nikashuka kwa utulivu kabisa, tena nikitabasamu, mpaka nikaifikia sauti ya kiyoyozi, na hapo nikaishika do yake kwa uaminifu. Mkufunzi alibonyeza ya kwake. Nilimhurumia, nikidhani amekosea. Akabonyeza tena, kisha akaacha.

"Dada, umekwenda wapi?"

"Amefuata eisii!" mtu wa mbele akasema, akionyesha kiyoyozi, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Ingekuwa imeishia hapo, aibu ingekuwa yangu peke yangu na ningeivumilia. Kuchekwa nilishakuzoea sokoni. Lakini mkufunzi, na naamini mpaka leo kwamba hakuwa na nia mbaya, aliuliza, "Nani alikufundisha kuimba hivi?"

Sisi tumelelewa hivi: ukiulizwa aliyekufundisha, unamtaja kwa heshima, na kama yupo unamwonyesha kwa mikono miwili. Niligeuka nikanyoosha mikono yote. "Mwalimu wangu ni yule pale, mwenye suti ya buluu." Vichwa vyote vikageuka. Kwa kuwa kicheko hakijaisha, nikaona nimtetee. Nikaeleza kuhusu kinanda kilichokufa. Nikaeleza kuhusu kinyozi, na jinsi Mwalimu anavyoweza kuitoa do kwenye jenereta, kitu ambacho nilidhani kitawashangaza. Kiliwatoa machozi ya kicheko. Nilipofika kwenye "ikishuka, shukeni nayo," mama mmoja wa safu ya pili alikuwa ameegemea bega la mwenzake, hajiwezi. Kila neno nililoongeza lilikuwa kuni, na mimi ndiye niliyekuwa nazisogeza.

Mwalimu akasimama, kwa sababu aliyetajwa husimama. "Ni mimi," akasema.

Mkufunzi aliona mambo yameharibika akataka kuyatengeneza. Akainua mkono kunyamazisha watu. "Mwalimu, tunakuheshimu sana. Hebu tupe hiyo do yenyewe, kwa sauti yako, tuendelee."

Watu wakanyamaza. Kiyoyozi nacho, kama kimetumwa, kikazima. Mwalimu aliinamisha kichwa upande mmoja. Kidole chake kikaanza kuinuka kando ya mkoba, kikasita. Akafungua mdomo, ule ule aliotufokea tuufungue, na hakikutoka kitu. Alitazama dirishani, ambako hakukuwa na kinyozi. Akatazama juu ukutani. "Malesh," akasema, yaani samahani, neno la hapa ambalo hakuwahi kulitumia na sisi. Akakaa.

Nilitamani zulia lile linifunike. Nilielewa papo hapo kwamba hakukuwa na nadhiri wala upasuaji; bila mngurumo wa kushikilia, hakuweza kuitoa do. Sikuona aibu kwa ajili ya upungufu wake, maana nilimpenda na upungufu wake. Niliona aibu kwa sababu mimi ndiye niliyewafungulia watu mlango wa chumba chake cha ndani, nikadhani nawapeleka sebuleni.

Nje ya hoteli alinipa karanga. "Ubeti wa kwanza uliushika vizuri," alisema, akapanda bodaboda kwenda kwake Lemon Gaba. Kila tulipoagana alikuwa akigeuka kunionya nisitembee juani. Siku ile hakugeuka.

Niliporudi ndani, mkufunzi alinifuata kabla ya semina kufungwa. Aliniambia kwamba sikio langu ni zuri kupita kiasi, linatii kila kitu kinachonguruma, na kwamba kazi iliyobaki ni kulifundisha kukataa. Alitaka nijiunge na darasa lake kila anapokuja Juba. Nilikubali, nami nikaona aibu kwa kukubali. Nilijifunza kushika sauti moja huku yeye akipiga nyingine kando ya sikio langu, akigonga meza, akiwasha feni. Nikaweza. Kila nilipoweza nilisikia ile "malesh."

Mwalimu hakurudi kwenye kwaya. Kwanza alikuwa na mitihani ya kusahihisha, halafu malaria, halafu hatukupewa sababu tena. Nilimpigia simu. "Niko sawa, mama," alisema, kwa upole ambao haukuwa wake. "Imbeni." Nilikuwa nimepanga kusema mengi, lakini alikuwa ameshakata. Besi aliyetuletea hadithi ya upasuaji akachukua uongozi. Do alikuwa anaitoa kwenye simu yake. Kinyozi aliniuliza dirishani, "Mwalimu iko wapi? Mimi naweka mafuta, hakuna mtu anasikiliza." Baadaye naye aliunganishiwa umeme wa jiji, akaiuza jenereta, na Jumamosi iliyofuata tuliingia kanisani tukakuta kimya. Hakukuwa na mtu wa kuuliza nani amekufa.

Mwaka huu nilikwenda soko la Custom kununua vitambaa vya sare za kwaya. Nikapita upande wa ofisi za mabasi ya Kampala, na pale, kando ya basi lililokuwa halijawashwa, nilimwona Mwalimu amekaa juu ya sanduku lake. Alikuwa ameniona kabla sijamwona. Aliinama akaanza kutafuta kitu mkobani, kitu ambacho hakikuwepo. Nami miguu ilinitaka nipite. Ningepita, angekwenda, na tungebaki kila mtu na aibu yake mpaka mwisho. Nikapiga moyo konde, nikamsogelea.

"Mwalimu, habari za siku nyingi?"

"Keji." Alinitazama juu mpaka chini. "Umenenepa. Wanakulisha nini huko kwenye semina?"

Nilicheka kwa kuwa nilitaka kulia. Akaniambia mkataba wa shule umekwisha na hakuomba mwingine. Anarudi nyumbani, atapitia Kampala. Alisema harudi tena. Nikaketi chini kando ya sanduku, nikayasema yale niliyoyapanga kwa simu, ila yalitoka mafupi.

"Mwalimu, siku ile mimi nilitaka kukupa heshima."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana iliuma."

Akalitazama basi. "Nikiwa kwa kimya mimi sisikii kitu, Keji. Tangu zamani. Nikiwa nyumbani peke yangu nawasha redio hata kama inasoma matangazo ya vifo. Watu wakiwa na kelele nasikia nani amekosea. Wakinyamaza, hata mimi mwenyewe sijui niko wapi. Na nilikuwa nawafundisha watu." Akafunga mkoba. "Nilijua siku moja nitaulizwa. Nilidhani nitaulizwa na Mungu, si kijana wa Nairobi."

"Ulitufundisha vizuri, Mwalimu."

"Usinidanganye, niko safarini." Halafu, bila kunitazama, "Nasikia wewe siku hizi huhitaji mashine."

"Ninajifunza."

"Nipe do."

Custom ina kelele nyingi lakini hakuna inayokaa. Pikipiki inapita, muziki wa duka unakatika, mtu anaita abiria. Nilifumba macho nikaitafuta ndani kama nilivyofundishwa, nikaguna, "Mmmm." Nilipofumbua macho, Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa, kidole kimeinuka.

"Hiyo ni ya kinyozi," akasema.

Nilitaka kukataa. Nilidhani nimeitoa kwenye kinanda cha mkufunzi. Lakini ilikuwa ile ile, ya dirishani, ya siku zote, ilikuwa imekaa ndani yangu bila mimi kujua.

"Kwani ningeitoa wapi?" nikamwambia.

Uso wake ukafunguka. Akavuta pumzi, na Mwalimu wetu akaimba. Ulikuwa ule wimbo wake wa shukrani. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ina mikwaruzo kidogo, na ilikuwa sawasawa kabisa. Niliendelea kumshikia do chini yake ubeti wote wa kwanza, na wapakizi wa mizigo wakapunguza mwendo kutusikiliza.

Kwenye ubeti wa pili dereva akawasha basi. Injini ilinguruma chini kidogo ya do yetu. Niliisikia, nikaikataa, kama ninavyojua kufanya siku hizi. Mwalimu hakuweza kuikataa. Alianza kuteremka polepole kuifuata, na kwa muda mfupi sauti zetu zilikwaruzana, mimi juu na yeye chini, kiasi kwamba mpakizi mmoja akageuka akacheka. Mwalimu alisikia. Niliiona aibu ikimpanda usoni, nikaona mdomo wake unaanza kufungwa. Nikaiacha do niliyofundishwa kuishika, nikashuka naye.